Aliyekula Vidole vya Ruatu

Kijijini kwao mgema hapandi mnazi kimya. Akipanda, anaimba. Anaimba ili walioko chini wajue kuna mtu juu, wanaooga kisimani wajifunike, na watoto wasogee kisu kisije kikawaangukia. Kwa hiyo kila alfajiri Taoriba aliamshwa na sauti ya mumewe, Ruatu. Aliimba kwamba tembo lake ni tamu kuliko la wagema wote wa kisiwa. Aliimba kwamba mkewe ni mzuri kuliko anavyojijua. Majirani walishazoea majivuno yake. Taoriba alijifanya hasikii, huku akitabasamu peke yake.

Asubuhi moja alikuwa anakunja mikeka juu ya dungu lao. Lilikuwa kama madungu yote ya kijiji: sakafu ya fito, paa la majani ya mkadi, na kuta hakuna. Alipofika kwenye mkeka wa mumewe, mkono wake uligusa unyevu. Akautazama. Ilikuwa damu.

"Baba Reretia!" aliita huku akitazama juu. "Umejikata?"

Wimbo ukakatika. "Wapi?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza!"

"Sijajikata popote. Niache nimalize, tembo litamwagika."

Aliposhuka, Taoriba alimkalisha kwenye gogo akamshika mguu wa kushoto. Kidole kikubwa kilikuwa na kidonda. Hakikuwa kimekatwa. Kilikuwa kimeliwa. Kimetafunwa pembeni kwa meno madogo madogo, na nyama ilikuwa wazi, imejaa mchanga.

"Hakikuumi?"

Ruatu alikitazama kidole kile kama cha mtu mwingine. "Hakiumi," alisema. Kisha akacheka. "Huo ni mguu wa mgema, mama Reretia. Ngozi imekuwa gamba la kasa."

Taoriba hakucheka. Ngozi ngumu ni sawa. Lakini nani alikuja usiku, akala, akaondoka, na mwenye mguu asiamke?

Kesho yake kulikuwa na damu tena. Kesho kutwa pia, na kidole cha pili kilikuwa kimeanza kuliwa.

Mama mkwe wake, Nei Oreta, yaani Bi Oreta, aliishi nao. Alikuwa mzee mwenye maneno mengi. Angeweza kumsema mtu tangu chai ya asubuhi hadi sala ya jioni bila kurudia neno. Lakini alipoonyeshwa mguu wa mwanawe, alinyamaza. Akavuta kanga yake, akaufunika mguu ule kama anayefunika maiti.

"Amerudi," alisema.

"Nani, mama?"

"Shusha sauti. Nawere."

Jina hilo kila mtu kijijini alilijua, ila halikutamkwa ovyo. Nawere alikuwa baba mdogo wa Nei Oreta. Zamani, Oreta akiwa mtoto, Nawere alianza kupoteza vidole. Alikuwa anaweza kushika chungu cha moto kwa mikono mitupu, asishtuke. Watu wakamwogopa. Wakamhamishia kwenye kisiwa kidogo mwisho wa mwamba, ambako maji yakipwa unafika kwa miguu. Akakaa huko peke yake. Chakula aliwekewa juu ya jiwe. Siku moja chakula hakikuguswa, wala siku iliyofuata, na hakuna aliyekwenda kumtazama.

"Alikufa na njaa na kinyongo," alisema Nei Oreta. "Sasa anakula watu wake."

"Tufanyeje, mama?"

"Tumlishe. Akishiba chakula hatamla mwanangu. Kuna nazi, kuna tembo. Mkunie nazi, umwagie asali ya tembo. Weka bakuli miguuni pake kila usiku. Na miguu ipake mafuta ya nazi, mafuta mazuri, mzimu asione kwamba tunamdharau." Akamshika mkwewe mkono kwa nguvu. "Na usimwambie mtu yeyote, Taoriba. Wakijua, watampeleka Ruatu kule kule."

Basi Taoriba alikuna nazi. Alichemsha tembo hadi likawa asali nzito, nyeusi, yenye kunukia. Aliipaka miguu ya mumewe mafuta hadi ikang'aa. Bakuli akaliweka karibu na vidole vyake. Ruatu alinung'unika kwamba mzimu anakula vizuri kuliko mwenye nyumba, kisha akalala.

Asubuhi bakuli lilikuwa tupu. Lilikuwa limelambwa likawa safi, tena limesogea, liko ukingoni mwa dungu. Na vidole vilikuwa vibaya zaidi ya jana.

"Hajashiba," alisema Nei Oreta. "Ongeza."

Taoriba akaongeza. Kila alivyoongeza ndivyo bakuli lilivyoisha, na ndivyo mguu ulivyozidi kuliwa. Aliacha kutabasamu alfajiri. Wimbo wa Ruatu bado ulishuka kutoka mnazini, lakini sasa yeye chini alikuwa anafua damu kwenye mikeka kabla majirani hawajaamka.

Jioni moja walikaa jikoni wakila samaki. Ruatu alikuwa anasimulia habari za ng'ombe mmoja aliyemwona alipokwenda mjini, na Reretia, binti yao wa miaka minane, anacheka mpaka anashika mbavu. Taoriba akasikia harufu.

"Nyama gani inaungua?" aliuliza. "Hatuna nyama leo."

Akatazama huku na huko. Mguu wa Ruatu ulikuwa ndani ya makaa. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka kisiginoni. Naye alikuwa bado anasimulia.

"Ruatu! Mguu!"

Aliutoa polepole. Aliutazama, na hapo ndipo Taoriba alipoona kwamba mumewe naye anaogopa. Alikuwa anaogopa muda mrefu, ila alikuwa anaficha kwa mizaha.

Siku mbili baadaye Taoriba alikuwa anatoa miiba kwenye majani ya mkadi ili asuke mkeka. Reretia alikaa mbele yake, mgongo wazi, anacheza mchezo wa uzi vidoleni. Begani mwake Taoriba aliona baka. Lilikuwa jeupe kidogo kuliko ngozi yake, ukubwa wa jani dogo. Alikuwa ameliona zamani akadhani ni utangotango. Sasa sijui nini kilimtuma. Alichukua mwiba mmoja, akaugusisha palepale. Mtoto hakutikisika. Akaukandamiza, hata tone la damu likatokea.

Reretia aliendelea kusuka uzi wake. "Mama, tazama, nimetengeneza kaa."

"Nimeona, mwanangu," alisema Taoriba. Aliufuta ule mgongo kwa kiganja, akaenda nyuma ya jiko, akalia mpaka kwikwi ikamshika. Mume alikuwa analiwa. Na akimaliza mume, huyo anayekula ameshaweka alama kwa mtoto.

Wiki hiyohiyo boti ya afya ikaja kijijini. Muuguzi aliitwa Nei Kinaai, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kofia kubwa ya majani. Alisimama barazani mbele ya kijiji kizima akasema, "Tunafanya utafiti wa magonjwa ya ngozi visiwani kote. Nitapita kila nyumba. Nitamtazama kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Msioge sana, sitafuti wachumba!"

Watu wakacheka. Nei Oreta hakucheka. Alirudi nyumbani mbiombio.

"Mfiche mtoto," alimwambia Taoriba. "Ruatu nimeshamwambia apande mnazi akae huko."

"Mama, labda huyo muuguzi anajua dawa."

"Anajua boti! Atamtia Ruatu kwenye boti, na wewe utabaki unaweka chakula juu ya jiwe. Hilo ndilo unalotaka?"

Taoriba alimlaza Reretia pembeni mwa dungu, akamrundikia mikeka juu.

Nei Kinaai alifika jua likiwa kali. Alimtazama Nei Oreta mikono na miguu. Alimtazama Taoriba. Aliandika kwenye daftari lake. "Nimeambiwa nyumba hii ina watu wanne," alisema. "Wengine wako wapi?"

"Wamekwenda kuvua," alijibu Nei Oreta upesi.

"Mgema Ruatu amekwenda kuvua? Mchana huu? Na kamba anayopandia na chupa za tembo haipo hapa?"

Upepo uliyatikisa majani ya mnazi ulio karibu. Taoriba akatazama juu bila kukusudia. Mumewe alikuwa huko, amejikunja kati ya makuti, na hakuwa anaimba. Tangu waoane alikuwa hajawahi kumwona juu ya mnazi akiwa kimya. Ilikuwa kama kutazama mtu aliyekwisha kufa. Kisha akaona damu. Ilikuwa inateremka kwenye shina, tone moja, halafu jingine, kutoka kwenye mguu usiohisi.

Akaona pia mikeka inavyopanda na kushuka kidogo. Mwanawe alikuwa anahema kwa shida chini yake.

"Hapana," alisema Taoriba. "Siwezi tena." Akauondoa mkeka wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Toka, mwanangu. Na wewe Ruatu, shuka! Shuka kabla hujaanguka!"

"Umetumaliza," alinong'ona Nei Oreta.

Nei Kinaai hakushangaa wala hakurudi nyuma. Jambo hilo Taoriba hakulisahau. Ruatu aliposhuka, muuguzi aliushika mguu wake uliooza kwa mikono yake miwili, akauweka mapajani pake, akauosha. Kisha akachukua kipande kidogo cha pamba.

"Fumba macho, kaka. Nikikugusa, nionyeshe wapi."

Aligusa goti. Ruatu akaonyesha goti. Aligusa unyayo, akagusa vidole, akagusa kisigino. Ruatu alikaa amefumba macho, anangoja.

"Mbona huanzi?" aliuliza.

Nei Kinaai akamgeukia Reretia. Akagusa mkono, mtoto akacheka akaonyesha. Akagusa baka. Mtoto hakuonyesha kitu.

"Ni nini?" Taoriba aliuliza.

"Ni ukoma," alisema Nei Kinaai. Hakulizungusha neno. "Ni ugonjwa. Unaletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinaua hisia kwenye neva. Vinakwenda polepole, hata miaka mitano, hata kumi, ndipo mtu aone baka. Na mwenye baka hana maumivu, kwa hiyo haendi kwa muuguzi. Unatibika kabisa, dada. Unasikia? Unatibika."

"Lakini vidole," Taoriba alisema. "Vidole vinaliwa. Tumeona kwa macho yetu. Hata chakula tunachomwekea mzimu anakila."

"Chakula gani?"

Taoriba akamweleza yote: nazi, asali ya tembo, mafuta. Nei Kinaai alisikiliza hadi mwisho. Kisha akapanda kwenye dungu, akapiga magoti pale Ruatu anapolalisha miguu. Akainua ukingo wa mkeka. Katikati ya fito kulikuwa na punje nyeusi, nyembamba, nyingi.

"Hizi ni nini?" aliuliza.

Reretia akainama. "Mavi ya panya!"

"Ndiye mwenye meno madogo," alisema Nei Kinaai. "Mtu mwenye hisia, panya akimng'ata anaruka na kupiga kelele. Ruatu haruki. Mguu wenyewe umepakwa mafuta ya nazi, na pembeni yake kuna bakuli la asali. Jamani, mnamwandalia panya karamu, halafu mnamlaza mgonjwa mezani."

Taoriba alishika kichwa. Alikumbuka kila usiku alivyokuna nazi, alivyopaka yale mafuta kwa upendo, alivyolisogeza bakuli karibu zaidi. "Ni mimi," alisema. "Nimemlisha mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe."

"Ulikuwa unampigania," alisema Nei Kinaai. "Ila ulipigana na asiyekuwepo."

Sasa Nei Oreta alisema, bila kumtazama mtu, "Na Nawere je? Alishika chungu cha moto. Alipoteza vidole. Yeye alikuwa nini?"

"Mgonjwa, bibi. Alikuwa mgonjwa tu. Siku zile dawa hii haikuwepo."

Mzee yule akaanza kulia. Kilianza kilio kidogo, kikawa kikubwa. "Mimi ndiye niliyekuwa napeleka chakula," alisema. "Nilikuwa kama Reretia huyu. Naweka juu ya jiwe, nakimbia. Alikuwa ananiita, 'Oreta, kaa kidogo, niambie habari za nyumbani.' Mimi nakimbia. Sikugeuka hata siku moja." Akajipangusa. "Sasa utampeleka mwanangu wapi?"

"Sipeleki mtu popote," alisema Nei Kinaai, akifungua mkoba. "Dozi ya kwanza atakunywa hapahapa, chini ya paa lake. Ukoma hauambukizi kwa kupeana mkono wala kula pamoja siku moja. Unapita kwenye pumzi, kwa mafua na kikohozi, kwa watu wanaokaa karibu miaka mingi. Na mgonjwa akishaanza dawa, muda si mrefu haambukizi tena. Ruatu atameza dawa miezi kumi na miwili. Mtoto ana baka moja, ni miezi sita. Kila siku, bila kuruka. Na ni bure."

Kisha akawageukia wanawake wawili. "Nanyi mna zamu yenu. Utafiti umeonyesha kwamba ukoma unapenda nyumba ambayo umeshaingia. Kwa hiyo hatungojei baka. Anayelala karibu na mgonjwa anapewa dozi moja ya kinga. Haizuii kwa kila mtu, lakini inapunguza hatari. Ndiyo maana mtaendelea kutazamana ngozi. Bibi, unakohoa siku hizi?"

"Nakohoa nikimsema mkwe wangu."

"Basi huna kifua kikuu, unalo domo," alisema Nei Kinaai, naye Ruatu akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Hata hivyo muuguzi aliwauliza maswali mengi na kuwapima, kwanza kuhakikisha hawana kifua kikuu, maana mwenye nacho hapewi dozi hiyo, ndipo akawapa.

Maisha yakabadilika, japo si kwa siku moja. Chakula chote kilifunikwa, kikaning'inizwa juu kwa kamba. Ruatu alilala ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya mkeka pande zote. Kila jioni aliloweka miguu kwenye maji safi, akaikausha, ndipo Taoriba akaitazama unyayo kwa unyayo, kidole kwa kidole. "Mguu hauna mdomo tena," Nei Kinaai alikuwa amewaambia. "Macho yenu ndiyo mdomo wake." Mafuta yalipakwa kidogo tu, mchana, ngozi isipasuke. Viatu vya mikanda alivivaa hata kwenda kisimani.

Siku moja Ruatu alipiga ukelele vichakani. "Nakojoa damu! Mama Reretia, nakufa!"

"Si damu hiyo, ni dawa!" Taoriba alimjibu kutoka jikoni. "Si uliambiwa mkojo utakuwa mwekundu? Ulikuwa unasikiliza nini?"

Kijiji kizima kilisikia. Basi siri ikawa imekwisha. Wengine walinong'ona. Mmoja alikataa kukaa karibu na Ruatu barazani. Lakini jirani mwingine alikuja jioni, akavua shati, akamwonyesha Taoriba baka mgongoni. "Nalo hili?" aliuliza. Boti ya afya iliporudi na dawa za mwezi, Taoriba mwenyewe akampeleka kwa Nei Kinaai.

Vidole viwili vya Ruatu havikurudi. Muuguzi alisema wazi kwamba dawa inaua vijidudu, haioteshi vidole. Hakupanda tena mnazi, na hilo lilimuuma kuliko kidonda. Siku nyingi alikaa chini akitengeneza mitego ya samaki, hasemi na mtu. Halafu alfajiri moja Taoriba akasikia wimbo. Ruatu alikuwa amekaa kwenye gogo, miguu imevaa viatu, anaimba kwamba mkewe ni mzuri kuliko anavyojijua.

Miezi sita ilipotimia, Nei Kinaai alirudi na pamba yake. Reretia alifumba macho. Muuguzi aligusa mkono. Aligusa shingo. Muuguzi aligusa baka, ambalo sasa lilikuwa limefifia.

Reretia akakunja bega. "Acha! Unanitekenya!"

Taoriba alimkumbatia mtoto, muuguzi na daftari lake, vyote kwa pamoja.

Siku hiyo maji yalipopwa, Nei Oreta alikuna nazi. Alimwaga asali ya tembo juu yake. Akamshika Reretia mkono, wakatembea juu ya mwamba hadi kile kisiwa kidogo. Hakuna mtu wa kijiji aliyekanyaga pale miaka mingi. Jiwe lilikuwepo bado, jeupe, limezungukwa na majani, na palikuwa kimya mno. Nei Oreta akaweka bakuli. Miguu yake ilitaka kukimbia. Reretia aliuhisi mkono wake ukivutavuta. Lakini mzee alikaa chini. Akaanza kusimulia, taratibu, habari za nyumbani: nani ameoa, nani amezaa, nani amepona.

Maji yalipoanza kujaa, wakainuka.

"Bibi," alisema Reretia, "tukiondoka chakula kitaliwa na panya."

"Waache wale," alisema Nei Oreta. Akageuka, akalitazama jiwe mpaka akaridhika. "Hapa hakuna mtu anayelala."